Kumhudumia Ndugu Mwenye Skizofrenia Nyumbani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Familia

Mtu mwenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo ya kweli, akishaanza kliniki humwona daktari au muuguzi kwa muda mfupi mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili. Siku nyingine zote huwa nyumbani, mikononi mwa mama, kaka, dada, mume au mke ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao. Msimamo wake ni kwamba mambo mawili huamua kwa kiasi kikubwa kama mgonjwa atatulia au atakuwa mtu wa kurudi wodini kila mara, nayo ni dawa zinazotumiwa bila kukatizwa na namna watu wa nyumbani mwake wanavyosema naye. La kwanza familia hulisikia hospitalini. La pili halisemwi vya kutosha, na kwa sababu hiyo limepewa nafasi kubwa hapa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 23, yaani takriban mtu mmoja kati ya 345, wanaishi na ugonjwa huu, na linaeleza pia kwamba angalau mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa. Familia ishike takwimu hiyo ya pili tangu mwanzo, kwa kuwa wengi hulipokea jina la ugonjwa kana kwamba wamesomewa hukumu, wakaanza kumwombolezea mtu aliye hai, ilhali hata wengi wa wasiopona kabisa huweza kuishi kwa utulivu, kufanya kazi na kulea watoto wakiwa katika matibabu.

Hatua ya kwanza: Apimwe hospitalini

Skizofrenia huanza mara nyingi ujanani, kuanzia miaka ya mwisho ya sekondari hadi miaka ya ishirini, na kwa wanaume huelekea kuanza mapema kuliko kwa wanawake. Dalili ambazo kila mtu huziona ni zile za kelele: kijana anazungumza na asiyeonekana, anasikia sauti zikimtukana au zikimwamuru, anaamini kwamba majirani wanamtilia sumu, kwamba redio inamtaja yeye, kwamba mawazo yake yanasomwa na watu. Lakini zipo dalili za kimya, na mara nyingi ndizo hutangulia. Ataacha kuoga, atajifungia chumbani, uso wake hautaonyesha furaha wala huzuni, masomo au kazi itamshinda, naye atajibu kwa neno moja pale alipokuwa akisimulia. Familia huziita hizo uvivu au jeuri. Ni sehemu ya ugonjwa, tena sehemu iliyo sugu zaidi, kwa maana dawa huzigusa dalili hizi kidogo kuliko zinavyozigusa sauti na hofu.

Usimpe ndugu yako jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa, kaswende ya muda mrefu, virusi vya ukimwi, matatizo ya tezi ya shingo, pombe na bangi, vyote vinaweza kumfanya mtu aone au asikie visivyokuwepo. Mtu aliyebadilika ghafla ndani ya saa au siku chache, akiwa na homa au asiyetambua mahali alipo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda tatizo lake ni la mwili na likamuua. Skizofrenia yenyewe hutajwa pale dalili zinapodumu kwa mwezi mmoja au zaidi na sababu nyingine zimeangaliwa.

Pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako utaulizia kliniki ya afya ya akili au muuguzi wa afya ya akili. Si lazima ufunge safari hadi Mirembe mjini Dodoma, hospitali inayopokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, wala Lutindi kule Korogwe, Kidongo Chekundu ya Unguja au Mathari ya Nairobi. Huko mtu hufika kwa rufaa pale hali inapohitaji. Nenda na maelezo yaliyoandikwa: mabadiliko yalianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, amewahi kutumia kilevi gani, nani katika ukoo amewahi kuugua hivi. Mgonjwa mwenyewe mbele ya daktari huweza kutulia na kujibu vizuri kwa dakika kumi, na bila maelezo yako daktari atakosa nusu ya habari.

Hatua ya pili: Familia ikae kikao

Kabla ya kugawana kazi, kikao kina jambo moja la kukomesha, nalo ni kumtafuta aliyesababisha. Katika nyumba zetu lawama huenda haraka kwa mama, au kwa mke, au kwa shangazi ambaye inasemekana ana husuda. Ugonjwa huu hutokana na mchanganyiko wa urithi na mambo yaliyougusa ubongo tangu tumboni hadi ujanani, na bangi iliyovutwa mapema na kwa wingi huongeza hatari. Malezi ya mama hayasababishi skizofrenia. Familia inayoendelea kutafuta mchawi hupoteza miezi ya mwanzo, na miezi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu kadiri mtu anavyokaa muda mrefu bila matibabu ndivyo kurejea kwake kunavyokuwa kugumu zaidi.

Sisemi kwamba dini iwekwe kando. Kisomo, dua na maombezi huwapa watu nguvu ya kuvumilia, na mgonjwa anayependa kuswali au kwenda kanisani asizuiwe. Ninachosisitiza ni sharti moja ambalo kikao kilikubali kwa pamoja tangu siku ya kwanza: yeyote atakayeombewa msaada, awe sheikh, mchungaji au mganga wa tiba asili, haruhusiwi kusimamisha dawa za hospitali, kumfungisha mgonjwa asile, kumpiga wala kumfunga. Akitaka lolote kati ya hayo, mgonjwa arudi nyumbani.

Baada ya hapo mchague mtu mmoja wa kusimamia dawa na kliniki, na wa pili wa kushika nafasi yake anapoumwa au kusafiri. Wengine wachangie nauli, chakula au siku za kukaa na mgonjwa. Walioko mbali, hata wale walioko Muscat au Ulaya, wapewe jukumu la fedha linalojulikana kiasi chake, kwa sababu simu za kutoa ushauri bila mchango humchosha zaidi mlezi aliye nyumbani. Mgonjwa akiwa ametulia vya kutosha, awemo kikaoni. Yanayozungumzwa ni maisha yake.

Hatua ya tatu: Dawa zisikatike

Tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, dawa za kundi hili zimekuwa nguzo ya matibabu. Unazoweza kukutana nazo katika hospitali zetu ni klopromazini yenyewe, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, haloperidoli, risperidoni na olanzapini, pamoja na sindano ya flufenazini iitwayo Modecate, ambayo huchomwa takriban kila baada ya wiki nne. Kwa asiyesikia dawa nyingine ipo klozapini, ambayo hutolewa pale tu panapowezekana kupima damu mara kwa mara.

Fadhaa na kukosa usingizi hupungua ndani ya siku chache, lakini sauti na imani zisizo za kweli mara nyingi huhitaji wiki nne hadi sita kulegea vya kutosha. Wiki ya pili ndiyo familia hukata tamaa na kubadili hospitali, nao hurudi mwanzo. Subirini. Baada ya kuugua kwa mara ya kwanza, Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ziendelee kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na kwa aliyerudiwa na ugonjwa mara kadhaa ni miaka mingi zaidi. Hatari ya kuacha haionekani siku ya kuacha. Mtu anaweza kukaa wiki kadhaa au miezi akiwa mzima kabisa, wote wakasema kumbe hakuzihitaji, kisha usingizi ukapungua na mambo yakaanza upya, wakati mwingine kwa nguvu kuliko awali. Kwa hiyo hakuna kupunguza wala kuacha ila kwa mpango wa daktari, taratibu.

Madhara ya dawa ndiyo sababu kubwa ya watu kuziacha, na familia ikiyajua itayashughulikia badala ya kugombana. Katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume wanaotumia haloperidoli au sindano, shingo inaweza kupinda, macho yakavutwa juu na ulimi ukakakamaa. Watazamaji husema pepo limepanda. Ni misuli iliyobanwa na dawa, na sindano moja hospitalini huilegeza ndani ya muda mfupi. Mwingine hushindwa kutulia, anatembea huku na huko na miguu haikubali kukaa, na nyumbani hudhaniwa kuwa ugonjwa umezidi ilhali dozi ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Mikono kutetemeka na mwendo kuwa mkavu hupunguzwa na kidonge cha benzeksoli, kinachojulikana kwa jina la Artane, lakini kitolewe na daktari tu, kwa maana wapo wanaokigeuza kilevi. Anayetumia klopromazini huungua na jua kwa urahisi, kwa hiyo anayelima au kuvua avae kofia pana na shati la mikono mirefu. Olanzapini na klozapini huongeza uzito na zinaweza kuleta kisukari, hivyo ombeni apimwe uzito, shinikizo la damu na sukari.

Yapo madhara ambayo mgonjwa hawezi kumwambia mama yake. Mwanamume hupungukiwa na nguvu za kiume. Mwanamke hedhi husimama na matiti hutoa maziwa, akadhani ana mimba au kwamba hatazaa tena. Wengi huacha dawa kwa sababu hizi bila kusema neno. Mpeni nafasi ya kumwona muuguzi peke yake, au aende na kaka au rafiki wa rika lake, na daktari ajulishwe, kwa kuwa dawa hubadilishika. Mwanamke anayetaka kushika mimba au aliyekwisha kuishika asiache dawa kwa hofu. Aende kliniki mapema wapange pamoja. Na dhara moja ni dharura ya kukimbiza hospitali: homa kali ikiambatana na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa. Msimpe dozi inayofuata, na mkifika mtaje dawa anazotumia.

Sasa utaratibu wa kila siku. Andikeni katika daftari jina la kila dawa, ukubwa wake kwa miligramu na saa ya kunywa, kwa sababu kituo kikiishiwa na aina moja mtapewa nyingine na hamtajua tofauti. Mwende kuchukua dawa wiki moja kabla hazijaisha. Dozi ifungamane na jambo ambalo halisahauliki, kama chai ya asubuhi au chakula cha usiku. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mwezi wa Shaabani, ili saa za dawa zihamishiwe baada ya futari na wakati wa daku ikiwa hali yake inaruhusu, na ikiwa hairuhusu akumbushwe kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Usingizi mfupi wa usiku wa Ramadhani peke yake huweza kumwamsha mtu ugonjwa, nalo ni jambo la kuangaliwa.

Swali linaloulizwa sana ni kama inafaa kumchanganyia dawa kwenye uji bila kujua. Nashauri kwa nguvu zote msifanye hivyo. Huyu ni mtu ambaye ugonjwa wake tayari unamwambia kwamba anatiliwa kitu chakulani. Siku atakayogundua atakuwa amepata ushahidi, na hatakula tena kwenu wala kuwaamini. Asiyependa vidonge au anayevisahau azungumze na daktari kuhusu sindano ya mwezi, ambayo huondoa mabishano ya kila jioni na kubakiza siku moja tu ya kukumbuka.

Kuhusu gharama, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali na kuuliza kama mgonjwa anastahili msamaha wa malipo. Nchini Kenya, mtu mwenye ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili anaweza kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Hatua ya nne: Badilisheni namna ya kusema naye

Watafiti wa London walianza tangu miaka ya 1950 kujiuliza kwa nini wagonjwa waliotoka hospitali moja wakiwa na hali moja walirudiwa kwa viwango tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976, ukiunganishwa na ule uliotangulia, ulionyesha kwamba katika miezi tisa baada ya kutoka wodini, takriban nusu ya waliorudi kwenye nyumba zenye ukosoaji mwingi, uhasama au wasiwasi wa kupita kiasi waliugua tena, wakati katika nyumba zenye utulivu walikuwa asilimia 13. Matokeo ya aina hiyo yameonekana baadaye katika nchi nyingi. Haimaanishi kwamba familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Ubongo wenye skizofrenia huchoshwa haraka na maneno makali, na nyumba inaweza kuupumzisha au kuuchosha.

Chukua mfano wa kijana anayemwambia mama yake: "Mama, wale watu wa dukani wameweka kitu kwenye unga." Majibu mawili huja haraka. La kwanza ni "Acha upuuzi wako," ambalo humfanya ajitetee na kuishikilia imani yake kwa nguvu zaidi, kwa maana imani ya namna hii haishindwi kwa hoja. La pili ni la kumkubalia: "Kweli mwanangu, wale ni wabaya," ambalo humpa ugonjwa shahidi. Jibu linalofaa hupita katikati. Husemi uongo, wala hushindani, bali unaigusa hofu yake: "Mimi sijaona hivyo mwanangu, lakini naona umeogopa, na hofu ya namna hiyo inachosha. Leo tule sinia moja mimi na wewe, nitaanza mimi." Kwa jibu hilo amesikilizwa, amekula, na mlango wa mazungumzo umebaki wazi. Sauti nazo ni vivyo hivyo. Anazisikia kweli, kama anavyokusikia wewe. Unaweza kumwuliza zinasemaje, na hasa kama zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, bila kusema kwamba nawe unazisikia.

Sema sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kwa sauti ya kawaida, na umpe muda wa kujibu, kwa maana fikra zake zinaweza kuwa zinapita katikati ya kelele ambazo wewe huzisikii. Ondoa maneno yanayomhukumu yeye na ubakize yanayotaja tendo. "Wewe mvivu, jua limepanda bado umelala" halimwamshi mtu; "Saa mbili nitakugongea tunywe chai" humwamsha, pengine si leo lakini wiki ijayo. Akifanya jambo, hata kukunja shuka, litajwe. Na wakubwa wasimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Anasikia, na anakumbuka hata ya siku zile alizokuwa hajitambui.

Upo pia upendo unaolemea. Mama hulia kila amwonapo, humfuata hadi chooni, humkatia nyama, hujibu maswali anayoulizwa yeye na huacha shughuli zake zote kumlinda. Nia ni njema kabisa, lakini mgonjwa hujikuta hana pa kupumua wala cha kujivunia. Mwacheni saa za kuwa peke yake, na ninyi mwende kazini, msikitini, kanisani, harusini.

Wengi wenye ugonjwa huu hawakubali kwamba wanaumwa, na si ubishi: ugonjwa wenyewe huathiri uwezo wa ubongo wa kujiona. Msitumie nguvu zenu kumlazimisha atamke kwamba ni mgonjwa. Tafuteni anachotaka yeye. Anataka usingizi? Anataka kurudi kuendesha bodaboda? Anataka sauti zinyamaze usiku? Dawa iunganishwe na hilo: "Ulipokuwa ukitumia vile vidonge ulilala, na ulifanya kazi mwezi mzima." Kubaliana naye pale mnapoweza kukubaliana, na kliniki iwe safari ya kufuatilia usingizi wake.

Hatua ya tano: Mpange siku yake

Siku iwe na umbo. Kuamka, kuoga, kula na kulala viwe na saa zake, na katikati kuwe na kazi moja ndogo iliyo yake: kuchota maji, kulisha kuku, kupalilia tuta moja, kukaa dukani saa moja. Kazi iongezwe pale ile ya kwanza inapokuwa imezoeleka. Kazi hufanya mambo ambayo kidonge hakiwezi, hasa dhidi ya zile dalili za kimya.

Bangi iondoke kabisa, kwa kuwa huongeza sana hatari ya mtu kurudi wodini, na mirungi na gongo zifuate. Kuhusu sigara kuna jambo wengi hawaambiwi: moshi wa tumbaku hupunguza kiwango cha olanzapini na klozapini mwilini, kwa hiyo anayeacha kuvuta ghafla huweza kuzidiwa na dozi ile ile aliyokuwa akitumia. Aache, lakini daktari ajue.

Watu wenye skizofrenia hufa mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni magonjwa ya moyo, kisukari na maambukizi ambayo hayakutibiwa kwa wakati. Akilalamika kifua au tumbo asidharauliwe kwa sababu ya ugonjwa wake wa akili. Apimwe kama mtu mwingine yeyote.

Hatua ya sita: Zijueni dalili za kurudiwa

Ugonjwa kwa kawaida hurudi kwa hatua, na kila mgonjwa ana hatua zake zinazofanana kila mara. Huyu huanza kwa kukosa usingizi siku tatu mfululizo. Yule hufunga madirisha mchana. Mwingine hurudia kuandika maneno yale yale ya dini au kuvaa nguo tabaka juu ya tabaka. Kaeni naye wakati ametulia, mkumbuke pamoja wiki zilizotangulia kuugua kwake mara ya mwisho, mziandike dalili tatu au nne katika lile daftari, na yeye mwenyewe aseme angependa mfanye nini zikijitokeza: nani amwambie, aende kituo gani, nani asimsogelee. Makubaliano aliyoyatoa mwenyewe huyapokea kwa urahisi zaidi kuliko amri. Zikionekana mbili kati ya hizo, nendeni kliniki wiki hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kadi.

Hatua ya saba: Siku ya dharura

Wengi wenye skizofrenia hawana ghasia, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa na kunyanyaswa. Hata hivyo hofu inaweza kumfikisha mtu mahali pa hatari. Ikifika siku hiyo, mtu mmoja tu anayeaminiwa na mgonjwa ndiye azungumze, kwa sauti ya chini, akiwa mbali kidogo na bila kumkodolea macho. Zimeni redio na televisheni, watoto watolewe nje, panga na visu viondolewe kimya kimya. Msimzingire, msimshike kwa ghafla, na msizibe mlango. Mtu aliyeogopa akikosa njia ya kutokea hupigana. Ikiwa mmezidiwa, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, au polisi kwa namba 112, na mkiwaita waelezeni tangu mwanzo kwamba huyu ni mgonjwa anayehitaji kufikishwa hospitali, wala si mhalifu. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Kenya ina yake ya mwaka 1989 iliyorekebishwa mwaka 2022, ambazo zinaweka utaratibu wa kumlaza mtu asiyeweza kuridhia. Utaratibu huo upo ili familia isilazimike kufanya jambo hilo kwa nguvu zake.

Kamba na minyororo sivyo vya kutumia, hata kwa usiku mmoja. Huacha vidonda, hudhoofisha misuli, na kumfundisha mgonjwa kwamba watu wake ndio maadui aliokuwa akiambiwa na sauti. Familia iliyofika huko haihitaji kutukanwa. Inahitaji kumfungua mtu leo na kumfikisha wodini leo.

Hatari nyingine ni ya kimya zaidi, nayo ni kujiua. Kipindi cha kwanza baada ya kutoka hospitali, pale mtu anapoanza kuona alichopoteza, ni cha kuangaliwa sana. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, sumu ya panya na akiba ya vidonge vyake vifungiwe. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Hatua ya nane: Mlezi apumzike

Kila juma mlezi mkuu awe na siku au nusu siku ambayo si yake kulinda, na iheshimiwe kama zamu ya kazini. Akianza kukosa usingizi, kulia bila sababu au kumchukia anayemhudumia, naye aende kliniki kwa ajili yake mwenyewe. Katika kliniki ulizeni kama kuna familia nyingine zinazokutana. Kama hazipo, wawili watatu mnaoonana kwenye foleni mnaweza kuanza.

Hatua ya tisa: Ndoa, watoto na mirathi

Wapo wazazi wanaoharakisha kumwoza kijana wakitumaini kwamba ndoa itamtuliza. Ndoa haitibu skizofrenia, na ndoa iliyofungwa kwa kuficha ugonjwa humwumiza mtu wa pili ambaye hakuulizwa. Mwenye ugonjwa huu anaweza kuoa au kuolewa na kuishi vizuri, iwapo amekuwa thabiti kwa muda, anataka mwenyewe, na mwenzake ameelezwa kila kitu, hata ikibidi na muuguzi wa kliniki. Wakiuliza kuhusu watoto, jibu la kweli ni kwamba mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huweza kuupata, na walio wengi hawaupati.

Jambo linaloahirishwa kuliko yote ni nani atamtunza wazazi wakiondoka. Wazazi waseme wakiwa hai, mbele ya watoto wote, nani atakuwa msimamizi wake, chumba au shamba gani ni lake, na fedha za dawa zitatoka wapi, kisha liandikwe katika wosia mbele ya mashahidi kwa utaratibu wa sheria au wa dini yao. Sehemu yake ya mirathi ni haki yake na isigawanywe kwa kisingizio kwamba hana akili. Iwekewe msimamizi anayetoa hesabu kwa ndugu wote. Huyo atakayepokea jukumu aanze kwenda naye kliniki sasa, wakati mama au baba bado anaweza kwenda nao, mpaka muuguzi amzoee, mgonjwa amzoee, na lile daftari liwe limekabidhiwa kwake.